Safari ya familia isiishie kwenye simu: namna ninavyozitunza kumbukumbu za Muscat

Nafanya kazi kwenye studio ya picha hapa Tanga. Wateja wa pasipoti saizi ndio wanaotuendeshea ofisi, lakini wanaoniumiza moyo ni wale wanaoingia na simu isiyowaka: "Dada, humu ndani mna picha zote za safari yetu, utazitoa?" Namwelekeza kwa fundi wa simu. Zikipatikana tunashukuru Mungu. Zisipopatikana, mzazi anakaa kwenye benchi letu na kuanza kunihadithia kwa mdomo: tulikwenda Dubai, mtoto alikuwa hajaanza shule, mama alikuwa bado yu hai.

Kwa ajili ya hao nimeona niandike namna tunavyofanya nyumbani kwetu. Mfano wangu ni likizo ya Desemba tuliyoitumia Muscat, Oman, kwa mama mkubwa, mimi na mume wangu na watoto watatu. Kama ninyi mlikwenda Nairobi, Johannesburg au Uingereza, kazi ni ile ile. Wala si lazima iwe safari ya kutembea tu. Kuna familia ambazo safari yao pekee ya nje ilikuwa kumpeleka mzee India kwa matibabu, na hiyo nayo ina mengi ya kuwekwa.

Shika jambo moja tangu mwanzo: picha peke yake haitunzi kumbukumbu. Kinachoitunza ni kusimuliwa, tena na tena, na watu waliokuwepo, mbele ya watoto. Watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya kutimiza miaka mitatu hivi. Mwanangu wa mwisho alikuwa na umri huo tulipokwenda, kwa hiyo najua kwamba Muscat atakayokuwa nayo ukubwani ni ile tunayompa sisi sebuleni. Nikinyamaza mimi na baba yake, kwake yeye safari ile haikuwepo.

Kabla ya kuondoka

Nunua kaunta buku moja, ngumu ya juu, na penseli mbili. Daftari liwe la familia nzima, si la mtu mmoja. Tia na bahasha kubwa ya kaki kwa ajili ya vikaratasi: tiketi, kadi za kupandia ndege, risiti, karatasi ya peremende iliyoandikwa Kiarabu. Vikaratasi hivi watu huvitupa uwanja wa ndege, na ndivyo watoto watakavyoviulizia baadaye.

Punguza vitu kwenye simu kabla, si ukiwa huko. Video za harusi za watu na salamu za Ijumaa zimejaza simu nyingi ninazozishika kazini, halafu siku ya safari simu inagoma kupokea picha. Hamishia kwenye kompyuta au flashi, kisha futa.

Kama mnabeba na kamera, itazame saa yake. Oman wako mbele yetu kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe, kamera hubaki na saa ya Tanzania, na ukija kuzipanga picha utakuta chakula cha mchana kimetangulia safari ya kwenda huko kwenye chakula. Ibadilishe mkitua tu.

Mkiwa huko, piga picha za jikoni

Kila mtu anapiga picha ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, na ni haki yao. Msikiti ule ulifunguliwa mwaka 2001, na zulia la ukumbi mkubwa wa sala limefumwa kwa mkono na wanawake wa Iran wapatao 600 kwa muda wa miaka minne, lina uzito wa tani 21. Ni kitu cha kukutoa machozi. Lakini picha ya zulia lile zima, nzuri kuliko nitakayopiga mimi, ipo kila mahali. Picha ambayo haipo popote duniani isipokuwa kwangu ni ya soksi za wanangu, jozi tatu, zikiwa juu ya ule ukingo wa zulia. Wa mwisho soksi yake moja imegeuka nje ndani.

Hiyo ndiyo kanuni yangu, nawaambia na wateja: kwa kila picha ya mahali maarufu, piga moja ya maisha. Ndala za mlangoni kwa mwenyeji wenu. Godoro mlilolalia. Mama mkubwa akimimina chai. Rafu ya duka la jirani. Gari mlilopanda, na ndani yake pia. Miaka ikipita, mtu hashangai kuona mnara, anashangaa kuona friji: "Kumbe friji yao ilikuwa ile!" Na hapo ndipo maneno yanapoanza kutoka.

Kila mkifika mahali, piga kwanza kibao chenye jina lake, ndipo uendelee. Mwaka ukipita hutakumbuka ngome hii ilikuwa Nizwa au Jabreen. Kibao kitakukumbusha.

Kuhusu watu msiowajua, omba ruhusa. Oman wanalichukulia jambo hili kwa uzito, hasa kwa wanawake, na hata sisi watu wa pwani hatupendi kupigwa picha kama vivutio. Inua simu kidogo, tabasamu, uliza. Akikataa, shukuru uende zako. Baadhi ya watu niliotaka sana kuwa nao walikataa, na ninao kwenye daftari kwa maneno.

Sauti ndiyo wanayoisahau karibu wote. Simu yako inarekodi sauti bila kupiga picha. Tumia hiyo kwa vitu vidogo vya nusu dakika. Mimi ninayo adhana ya alfajiri ikisikika kutoka misikiti miwili iliyopishana kidogo. Ninao wauza samaki wa Mutrah. Ninaye dada binamu akimkaripia mwanawe kwa Kiarabu, halafu akinigeukia mimi kwa Kiswahili cha Unguja bila kuvuta pumzi, na ukisikiliza rekodi ile unaielewa nyumba yao kuliko kwa picha mia.

Daftari la jioni

Kabla ya kulala, mtu mzima mmoja anashika penseli. Msimwulize mtoto "Umefurahia?" kwa sababu atasema ndiyo na habari imekwisha. Sisi tulikuwa tunauliza: Umekula nini ambacho hujawahi kula? Umesikia harufu gani? Nani alikuchekesha? Nini kilikuogopesha? Andika anavyosema, kwa maneno yake, na makosa yake. Usimsahihishe.

Siku tuliyotoka kwenda Nizwa ndiyo ninayoipenda kuliko zote humo daftarini. Kila Ijumaa asubuhi pale mjini kuna mnada wa mifugo. Wanunuzi wanajipanga duara, wengine wameketi, wengine wamesimama nyuma yao, na wauzaji wanapita katikati wakizunguka na mbuzi kamba mkononi, wakitaja bei kwa sauti. Mzee akimpenda mbuzi anamsimamisha, anampapasa mgongo, anamfunua mdomo kutazama meno, anamwacha aendelee. Wazee wengi wamevaa kanzu nyeupe na kofia za kudarizi au vilemba, baadhi na jambia kiunoni. Vumbi, kelele, harufu ya mifugo, na mawe ya ile ngome yenye mnara mnene wa duara yakianza kupata jua. Mimi ningeandika habari ya ngome, kwamba ni ya karne ya 17 na kwamba Imamu Sultan bin Saif aliijenga kwa miaka kumi na miwili. Binti yangu wa kati, wa miaka saba, alisema hivi, na ndivyo ilivyoandikwa: "Mbuzi wanazungushwa kama bibi harusi halafu wanaangaliwa meno. Mmoja alikataa kutembea. Mwenyewe akambeba. Nilimwonea huruma yule mwenyewe."

Habari ya ngome iko kwenye vitabu. Hii haiko.

Watoto wakitofautiana, andika zote. Tulishinda siku moja Wadi Bani Khalid, kwenye yale mabwawa ya kijani katikati ya majabali, ambako vipo visamaki vidogo vinavyokuja kudonoa ngozi ya miguu ukitulia majini. Mkubwa anasema vilikuwa vinatekenya tu. Wa kati anashikilia kwamba kimoja kilimng'ata mpaka damu. Mimi nilikuwepo na damu sikuiona, lakini sikuifuta. Ubishi ule umeifanya siku ile iwe hai nyumbani kwetu hadi leo. Kila mgeni anayekuja anaombwa kuamua.

Mzee akiwepo, mrekodi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye thamani kubwa na ndipo watu wanapochelewa.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, mzaliwa wa Unguja, upande wa baba yao una asili ya Oman. Alitoka Unguja akiwa msichana katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, akakaa Dar es Salaam, kisha akaingia Muscat baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Walirudi wengi kutoka Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki, na ndiyo maana hadi leo kuna nyumba Muscat ambazo ukibisha hodi unaitikiwa karibu. Habari hii yote naijua kwa ujumla tangu utotoni. Sikuwahi kuisikia kwake mwenyewe, kwa sababu ukimwambia mzee "nisimulie maisha yako", anakwambia "maisha gani mwanangu, tumeishi tu".

Usiulize maisha. Uliza kitu. Jikoni kwake, pembeni ya jiko la gesi la kisasa, kuna mbuzi ya kukunia nazi, mti wake umekuwa mweusi na katikati pameingia kwa kukaliwa. Asubuhi moja alikuwa anakuna nazi ya wali, amekaa upande, kanga ameibana magotini, sinia chini. Nikaweka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na sinia, nikaanza:

"Mama mkubwa, naomba nirekodi, wajukuu zako waje wakusikie."

"Rekodi mwanangu, nina siri gani mie."

"Mbuzi hii ulinunua hapa?"

"Hapa? Hapa wakati huo nani akuuzie mbuzi? Nimetoka nayo Unguja. Watu walibeba dhahabu, mie nikabeba mbuzi."

Akacheka, akaendelea kukuna. Nami nikanyamaza. Kunyamaza huku ndiko kunakohitaji mazoezi: mzee akimaliza sentensi, hesabu polepole hadi tano kabla ya kuuliza lingine, kwa sababu mara nyingi jambo lenyewe liko nyuma ya kimya hicho. Akasema, bila kuulizwa, kwamba nazi za kukunia hazikuwepo karibu. Minazi Oman iko kusini, Salalah, mkoa wa Dhofar, zaidi ya kilomita 900 kutoka Muscat. "Ukisikia mtu karudi Salalah, unakwenda mbio kumpa pole ya safari. Akikupa nazi mbili umepata. Usiku ule nyumba nzima inanuka nyumbani." Kutoka hapo akaingia kwenye mwaka wake wa kwanza, joto la kule, jirani aliyemfundisha kupika mkate mwembamba wa kwenye bamba la chuma, barua zilizokuwa zikichukua muda mrefu kufika kwa bibi yangu. Sikuwa nimeuliza hata moja kati ya hayo.

Kuhusu mitambo, ni machache. Zima feni na kiyoyozi wakati wa kurekodi, au kaa mbali navyo, maana sauti yake hula maneno. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isikatizwe. Simu ikae karibu na mdomo wa mzee kuliko mdomo wako. Jaribu sekunde kumi, sikiliza, ndipo uendelee. Mwanzoni taja kwa sauti tarehe, mahali na mliopo, ili rekodi ijitambulishe hata faili likipoteza jina. Na usiku ule ule libadili jina la faili: "Mama mkubwa, mbuzi ya nazi, Muscat, Desemba" na mwaka. Faili linaloitwa "Rekodi 14" limekwisha potea hata kama liko kwenye simu.

Akikwambia jambo hili liishie hapa, liishie hapo. Zima, au lifute mbele yake. Mzee akikuamini leo, kesho atakusimulia kubwa zaidi.

Wiki ya kwanza mkirudi

Nyumbani kuna sare za shule za kutafuta, nguo za kufua, ofisi, misiba iliyotokea mkiwa hampo. Mambo haya yataimeza safari kama hukutenga muda. Mimi nafanya mambo mawili kabla hata ya kugawa zawadi.

La kwanza ni kuhamisha kila kitu kutoka kwenye simu zote, ya baba, ya mama, ya mtoto mkubwa, kwenda kwenye folda moja kwenye kompyuta. Usitegemee picha zilizotumwa kwenye kundi la familia la WhatsApp. Zikipita pale kwa njia ya kawaida hubanwa na kupunguzwa ubora, na ile taarifa ya tarehe na saa iliyopigwa huondoka. Mteja akiniletea picha hizo anataka fremu kubwa ya ukutani, inatoka ukungu ukungu na inabidi nimweleze. Kama lazima utume kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha. Kisha fanya nakala: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi au diski ya nje, na moja nje ya nyumba yako kabisa, iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu mnayeaminiana. Moto na wezi havichagui, wala mafuriko.

La pili ni ile bahasha. Risiti za mashine na kadi nyingi za kupandia ndege zimechapwa kwa joto, hazina wino. Kwa hali ya hewa ya pwani hufifia zikabaki nyeupe. Zipige picha au zikopi zingali zinasomeka.

Halafu mpunguze. Msikae na picha elfu mbili, hakuna atakayezitazama. Sisi tulikaa sebuleni, kila mmoja akachagua ishirini zake, hata wa mwisho, aliyekuwa akinyooshea kidole. Baba watoto alichagua barabara na milima. Mkubwa alichagua zile alizotoka vizuri. Wa mwisho alichagua paka wa mama mkubwa, paka, paka, na beseni. Nilitamani kumbadilishia nikajizuia, maana zile zilikuwa ishirini zake. Hizo mia ndizo zilizokwenda kusafishwa.

Kusafisha picha na albamu

Hapa naongea kama mtu wa kazi. Saizi ya posikadi inatosha. Kubwa zaidi chagua mbili tatu za fremu. Uliza studio wanachapa kwa mashine gani. Picha za printa ya wino wa kawaida huchuja zikilowa na hufifia zikikaa juani, kwa hiyo kama ndizo mnazopata, zisikae karibu na dirisha.

Epuka zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika juu. Zinapendeza dukani, lakini gundi inageuka njano na picha inaganda, ukija kuibandua inachanika. Chukua albamu ya mifuko, au ya karatasi nene na vishikio vya pembeni. Msizitie picha laminesheni ninyi wenyewe. Unyevu ukibaki ndani hauna pa kutokea, na picha ikishafungwa vile huwezi tena kuitoa.

Nyuma ya kila picha andikeni nani, wapi, lini, na jambo moja lisiloonekana. "Nizwa, Ijumaa, dakika chache kabla baba hajapotea sokoni." Tumia penseli laini bila kukandamiza. Karatasi nyingi za siku hizi zina utando wa plastiki na penseli haishiki. Basi tumia maka yenye ncha nyembamba na wino usiofutika, andika pembeni, na usizirundike kabla hazijakauka. Kalamu ya bik ya kawaida inaacha makovu upande wa mbele.

Tanga, Mombasa, Unguja, adui mkubwa ni unyevu. Albamu isikae kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, wala kabati lililogusana na ukuta wa nje. Rafu ya katikati, penye hewa.

Kuirudisha safari kwenye siku za kawaida

Mtu akiniuliza lipi kubwa kati ya haya yote, namjibu ni hili, maana ndilo linaloleta yale masimulizi niliyoyataja mwanzo.

Chagueni desturi moja ya kule ambayo mnaweza kuimudu hapa, na muipe siku. Sisi ni kahawa ya Ijumaa baada ya alasiri. Kwa mama mkubwa mgeni hapewi kahawa mkono mtupu: inatangulia tende au halua, ndipo kahawa, chungu, haina sukari, kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Kahawa yenyewe ni ya kukaanga kidogo, si ile nyeusi ya kwetu mabarazani. Kwa lita moja ya maji natia vijiko vitatu vya kula vya kahawa na kijiko cha chai cha iliki iliyopondwa, moto mdogo dakika kumi hivi, naacha itulie, namimina kwenye birika pole pole ili masimbi yabaki chini. Ukipata maji ya waridi ya kula, matone machache. Wao wana ya Jebel Akhdar, milimani, ambako waridi huchumwa kuanzia mwishoni mwa Machi na Aprili. Kikombe kinapokelewa kwa mkono wa kulia, na usipokitikisatikisa kidogo wakati wa kukirudisha, unaongezwa. Watoto, ambao wanapewa ya maziwa, hilo la kutikisa ndilo waliloleta Tanga kabla ya kingine chochote. Sasa wanalifanya hata kwa uji.

Kila Ijumaa mtu mmoja anatoa picha moja kwenye albamu bila kuchagua, na anasimulia. Wengine wanaruhusiwa kumkatiza. Msiifanye iwe darasa. Kahawa ikiisha, imekwisha.

Siku hiyo ndiyo pekee ninayofukiza ubani wa Dhofar tulionunua soko la Mutrah. Udi wa siku nyingine ni wa hapa hapa. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Harufu huamsha kumbukumbu kwa nguvu kuliko picha, lakini ukiisikia kila siku inakuwa ya kila siku, haikupeleki popote. Ubani ule ukigusa makaa kwenye chetezo, wa mwisho anauliza "Leo Muscat?" Fungueni dirisha, na kama ndani kuna mwenye pumu acheni kabisa, tumieni chakula badala yake.

Kwa majirani na ndugu ambao hawajapata kusafiri, nina rai yangu. Kipande cha halua kwenye kibakuli kinatosha kuanzisha mazungumzo, na kwa bahati halua inakaa muda mrefu bila friji. Usimkalishe mtu aje kutazama albamu nzima. Mwoneshe picha moja, halafu umwulize yeye kuhusu safari yake ya mwisho, hata kama ilikuwa Lushoto. Mama jirani yangu, nilipomuuliza hivyo, alitoa picha ya mwaka 1978 akiwa bandarini Mombasa, nyuma haijaandikwa chochote, na tukakaa mpaka magharibi akitaja majina ya waliomo. Tuliyaandika yote.

Kila mwaka, mara moja

Januari na Februari huku kwetu hewa ni kavu zaidi, kaskazi inavuma. Toa albamu zote, zifungue kivulini, pangusa kwa kitambaa kikavu, tazama kama kuna ukungu wa madoa na ukiuona itenge picha hiyo isiambukize nyingine. Chomeka flashi na diski uhakikishe zinafunguka, sikiliza rekodi moja mwanzo na mwisho, si kusoma jina la faili tu. Flashi haikukusudiwa kukaa milele, hivyo kila baada ya miaka michache nunua mpya na kuhamisha. Daftari la safari likopiwe kurasa zote. Sisi nakala moja tunaipeleka kwa bibi yao, na nyingine inakwenda Muscat kwa mama mkubwa kwa mkono wa yeyote anayesafiri, pamoja na nazi tatu zilizomenywa makumbi.